Ua la Kitanda cha Sifa

Hapa Kindu fundi wa mbao wa kwanza njo miye. Wakati wa vita nilichonga milango ya mtaa wa Kasuku yote kwa panga tu!

Leo jirani yangu Amisi, fundi wa juzi, ananitambia masini yake ya kourant, ya umeme, ya kukatia maua kwenye mbao. Bei kali, eti!

Tunatengeneza naye kitanda cha harusi ya binti yangu Sifa. Wakwe wanakuja kesho.

Amisi ananiambia: «Papa Sifa, uchore ua kwa nyuma. Masini hii inararua mbao upande wa juu.»

«Nyamaza! Nani aliona ua la harusi kwenye kisogo?»

Nikachora mbele, nikakata na masini yake.

Ubao ukatoka kama umetafunwa na mbuzi.

Mama Sifa akalia.

Amisi akaleta ubao mwingine, akachora nyuma, akakata. Akaugeuza: mbele laini kabisa.

Mucheke tu, lakini wakwe wasijue: miye nilishika tu ubao usitikisike.