Joto la Wanaolala Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi, mifuko ya kufunika viatu ili nisichafue mazulia ya watu, na onyo moja. Fundi Mkuu, mzee wa Kimarekani asiyependa maneno mengi, alinipeleka kwenye nyumba moja ya Crystal, mji mdogo wa Minnesota, theluji ikiwa imetufika magotini, akanizuia mlangoni.

"Usianze na mashine," aliniambia. "Anza na watu. Uliza nani analala wapi, na saa ngapi. Nyumba haisikii baridi. Watu ndio wanaosikia."

Nilikuwa nimetoka Tanga, ambako nilikuwa fundi wa majokofu. Kule kazi yangu ilikuwa kulifukuza joto. Minnesota wakanilipa kulileta. Kwa miaka mingi nilishuka ngazi za vyumba vya chini ya ardhi, nikasafisha tanuri za gesi, nikabadilisha filta zilizojaa manyoya ya paka. Wenye nyumba walinifungulia mlango wakachungulia nyuma yangu wakimtafuta fundi. Niliwazoea. Walipoanza kuota moto walisahau kuwa mimi ni mwanamke.

Kisha zikaja pampu za joto. Mafundi wenzangu walizicheka. Baridi ya huku inagandisha kope, walisema. Huko nje utapata joto gani? Mimi sikucheka, kwa sababu niliitambua ile mashine mara moja. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji hulitoa joto ndani ya sanduku na kulitupa nyuma, ndiyo maana mgongo wake huwa na uvuguvugu. Pampu hulichukua joto dogo lililobaki katika hewa ya nje, maana hata hewa inayouma masikio bado ina joto ndani yake, ikalikusanya kwa kompresa na kulimwaga sebuleni. Haiunguzi kitu. Inahamisha tu.

Ina tabia moja ambayo kila fundi kijana lazima aijue: haipendi haraka. Ukiiacha ifanye kazi polepole, saa zote, inakula umeme kidogo. Ukiiacha nyumba ipoe kabisa kisha ukadai joto kwa ghafla, inaita koili za dharura, vyuma vinavyowaka kama jiko la umeme, na hizo hazina huruma na bili yako.

Baada ya pampu ikaja bei ya saa. Mita mpya hazikuhesabu tu umeme umetumia kiasi gani, zilihesabu pia umeutumia saa ngapi. Usiku wa manane bei ilikuwa chini. Kuanzia alasiri mpaka watu wanapomaliza chakula cha jioni ilikuwa juu. Si wazo baya. Jiji zima likiwasha majiko kwa pamoja, mitambo inahema, na ni haki kumlipa anayeweza kusubiri. Hasira yangu haiko hapo.

Hasira yangu iko kwenye ratiba. Wakati huo kampuni yetu ilikuwa imenunuliwa na wakubwa wapya, nao wakaanzisha kitu walichokiita Mpango. Mteja alipunguziwa bei ya pampu, naye akakubali themostati yake, kile kidude cha ukutani kinachoamuru joto, ifuate ratiba iliyofungwa kwa namba ya siri. Kampuni ya umeme iliilipa kampuni yetu kwa kila nyumba iliyobaki ndani ya ratiba hiyo. Na ratiba ilikuwa moja tu. Asubuhi familia inatoka, joto linashuka. Mchana nyumba inaachwa ipoe. Mapema alasiri, kabla bei haijapanda, inapashwa. Jioni mashine inapumzika, familia inarudi kwenye kuta zenye joto. Usiku wote wamelala.

Nani hao? Siku ya mafunzo niliuliza, nikaambiwa ni familia ya kawaida. Nikawafikiria Wakenya ninaosali nao, Wakongo waliopanga karibu na kanisa letu. Nusu yao walikuwa kwenye makao ya wazee na hospitali usiku kucha, wakiwageuza wagonjwa, wakiwafuta, wakiwashika mikono. Walirudi nyumbani jua likichomoza. Hakuna aliyewauliza wanalala saa ngapi.

Januari moja nilitumwa kwa Kwamboka, Mkenya mwenye nyumba ndogo palepale Crystal, aliyelalamika kuwa bili yake imepanda tangu tumfungie mashine ya kumpunguzia bili. Ilikuwa mchana. Mama mkwe wake alifungua mlango akiwa amejifunga blanketi juu ya koti.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama."

Alinitazama juu mpaka chini. "Basi ingia, msichana, kabla sijageuka nyama ya friji."

Nilikuwa na wajukuu wanne. Niliingia. Kwenye kioo cha themostati kulikuwa na picha ya nyumba tupu na maneno: hakuna mtu nyumbani. Chini yake, kwenye kochi, Kwamboka alikuwa amelala na kofia ya sufu kichwani, sare ya kazi bado mwilini, magoti yamegusa kidevu.

Bibi alinieleza kwa sauti ya chini ili asimwamshe, lakini aliamka hata hivyo. Akamalizia mwenyewe. Alifanya kazi usiku kwenye makao ya wazee. Asubuhi alipopanda kitandani, joto lilikuwa linashuka. Baridi ikimwamsha alipandisha themostati kwa mkono, koili za dharura zikawaka, na baada ya muda mfupi ratiba ikalishusha tena. Akalipia koili na bado akatetemeka. Alasiri, nyumba ilipopata joto, ndipo alipotakiwa kuamka apike na kufua sare, saa ile ile ya bei ya juu. Wiki mbili nyuma msimamizi wake alimkuta amesinzia kitini kando ya mgonjwa. Akapewa onyo la mwisho.

"Nikikutwa tena, kazi imeenda," alisema. "Na si kazini tu. Mimi hu-drive nikisinzia, Mama. Nafungua dirisha baridi inipige ndio nifike."

Kampuni ilikuwa imemtumia ushauri: apike kabla bei haijapanda. Bibi alikuwa ameusikia ushauri huo.

"Ugali upikwe asubuhi niule jioni? Nimefungwa jela gani?"

Hata Kwamboka alicheka. Kisha akaanza kulia bila sauti, kama mtu ambaye hata kulia anaona ni kazi ya ziada.

Niliingiza namba ya mafundi, nikaifungua ratiba. Nikaweka joto la utulivu kuanzia anaporudi mpaka anapoamka, nikaongeza kidogo kabla ya bei kupanda ili kuta zilihifadhi, nikaliacha la usiku kwa ajili ya bibi, maana usiku umeme ni rahisi. Jiko sikuligusa. Ugali wa watu haukunihusu.

Haikupita wiki nikaitwa ofisini Golden Valley. Meneja wa Mpango alinipa kahawa, akanionyesha ramani ya jiji yenye vitone vyekundu. Kila kitone kilikuwa nyumba inayotumia umeme kwa saa zisizotarajiwa. Vilikuwa vingi. Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, kwa sababu nilikuwa nimejidanganya kwamba hawajui.

"Kumbe mnawaona," nilisema.

"Mfumo unaona kila kitu."

"Basi wapeni ratiba yao."

"Ratiba yao hatulipwi," alisema, kwa upole kabisa. "Kesho urudi ukaifunge tena ratiba ya ile nyumba."

Baba yake alikuwa kwenye makao ya wazee. Meneja mwenyewe alikuwa ametueleza, kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, akawasifu wanaomtunza.

"Anayemgeuza baba yako usiku," nilimuuliza, "analala saa ngapi?"

Alitazama simu yake, ingawa haikuwa imelia. "Hilo si la idara hii."

"Basi mimi siifungi."

Nilihamishiwa ghala la Eagan. Huko nilipanga maboksi ya filta mpaka nilipostaafu, mimi niliyeweza kusikia kompresa ikiugua nikiwa bado barabarani. Nyumba ya Kwamboka ikatolewa kwenye Mpango, na punguzo alilopewa akaamriwa kulirudisha kidogo kidogo kila mwezi. Bili ya umeme ilishuka, hilo hata wao hawakulikana. Lakini analipa faini mpaka leo, na kosa lake ni kulala mchana baada ya kukesha na wazazi wa watu wengine.

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mna vifaa ambavyo mimi sikuviota. Mashine zenu zinajua mtu akipita ukumbini. Nazipenda, na ningezifunga tena kesho kama magoti yangu yangekubali. Ila msiniambie kwamba mashine ndiyo iliyopanga. Mtu aliketi mezani akaamua nani ni wa kawaida, na mtu mwingine akapokea malipo. Mkipewa namba ya siri, mjue mmepewa usingizi wa watu.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba mteja anaweza kulipinga lile deni la punguzo mbele ya wanaosimamia mambo ya umeme jimboni. Nilifurahi mno, nikampigia Kwamboka papo hapo. Simu iliita sana. Alipopokea, sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyetolewa mbali usingizini. Nikaanza kumweleza mbio mbio, akanikatiza.

"Mama, ni saa sita mchana," alisema. "Nimelala. Nipigie jioni."

Akakata simu. Nilibaki nimeishika, uso umenichoma kwa aibu, na nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu.