Sauti ya Kafedha, Sura ya Mwengine

Kafedha Baya alifua nguo katika hoteli moja ya Bamburi, na jioni akiwaimbia watalii palepale na bendi ya Mzee Nguma. Alikuwa mweusi tititi, mfupi, mwenye maneno makali. Wimbo wa bendi uliovuma mwaka wa 1992, hata Mishomoroni alikokaa watoto wakauimba njiani, aliutunga yeye akipiga pasi mashuka.

Mwaka uliofuata Nguma akamleta Elkana, mpiga picha kutoka Nairobi, awatengenezee video ya wimbo ule. Elkana alikuwa amelewa sinema. Kila alichotaka alikiona kwenye filamu za Kihindi na za Kimarekani: jumba jeupe, gari jekundu, mvua ya mpira wa bustani ikimlowesha mpenzi. Jumba liliazimwa Nyali. Mpenzi alikuwa Mwanabibi, binti mweupe wa nywele za mgongoni, ambaye hajaimba hata kwenye harusi ya nduguye.

"Na mimi nasimama wapi?" Kafedha aliuliza.

Elkana akampa aproni na trei. "Wewe ni mtumishi. Unaleta sharubati, unasimama nyuma."

"Sauti ni yangu."

"Sauti haionekani, dada. Watu wanataka kuona maisha mazuri. Sura kama yako wanaiona kila siku jikoni kwao."

"Jikoni kwenu yuko mamako, basi. Naye ana sura gani?"

Mwanabibi akakunja pua. "Mwambieni asinikaribie. Jasho lake litaniharibia gauni."

Kafedha akamgeukia Nguma, naye Nguma akatazama chini. "Vaa," alisema, "au katafute bendi nyingine."

Akavaa. Mwenyewe alinihadithia kwamba alivaa kwa chuki, si kwa woga.

Kaseti ikawashwa. Mwanabibi akachezesha midomo, maneno yakimpita. Nyuma yake Kafedha akakodolea kamera macho, trei mkononi, akaimba wimbo wake neno kwa neno, chini kwa chini. Elkana, macho yamemganda kwenye gauni lililolowa, hakuona kitu. Walirudia mara sita, naye akaimba mara sita. Hata alipoihariri kanda, Elkana alimtazama mwenye gauni tu.

Baada ya miezi miwili Nguma alialika watu kwenye ukumbi wa video Kisauni, Jumamosi mchana. Nilikuwepo. Midomo ya mwenye gauni ilichelewa. Ya mwenye trei ilikaa sawasawa na sauti. Mama mmoja akapaza: "Mwaona? Wallahi aimbaye ni yule mtumishi!"

Ukumbi ukachafuka kwa miluzi na vicheko. Mwanabibi akatoka akilia. Elkana akamshika Kafedha mkono.

"Umeniharibia kazi makusudi!"

"Naam, makusudi. Wewe ulinifuta makusudi vilevile. Niachilie mkono kabla sijakutoa jino."

Nguma alimfukuza Kafedha papo hapo. Video haikuonyeshwa tena, na mwimbaji aliyeletwa badala yake alizomewa mpaka akaacha. Kabla ya mwaka kwisha bendi ikavunjika.

Kafedha aliendelea kufua, akialikwa kuimba harusini. Nguma hakumsamehe, wala yeye hakuomba. Lakini Chengo, mpiga ngoma, alikosa kazi akiwa na watoto wanne, akawa akimwona Kafedha hutema mate chini. Huyo tu ndiye aliyemuuma Kafedha moyo. Siku moja alimpelekea unga na sukari. Mkewe Chengo akavirudisha mlangoni.