Mama wa Sauna

Hilkka Räsänen alikwenda kuikagua nyumba ya wazee ya Tuomipiha akiwa ameshakata shauri kwamba ni mbaya. Kilichobaki ni kuutafuta huo ubaya.

Mumewe, Oiva, alikuwa amekaa kando yake garini, kofia mapajani, akitazama ziwa na kuuliza kila baada ya kona wanakwenda kwa nani.

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye sauna."

Jibu hilo lilimtosha hadi kona iliyofuata.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia Oiva polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mashua kuukuu. Yalianza kupotea majina ya majirani, ikafuata njia ya dukani, mwisho hata vifungo vya shati vikamshinda. Hilkka aliyabeba yote bila kulalamika, maana sisi watu wa jimbo la Savo kulalamika mbele za watu tunakuona kama kwenda sokoni bila suruali. Lakini mwezi wa nne Oiva aliamka kabla yake, akaenda kuwasha sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, siku ambayo si ya sauna, akazoa makaa ya moto na kuyamwaga kwenye sakafu ya chumba cha kuvulia nguo. Lempi, dada yake Oiva anayekaa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeuona moshi. Ukuta mmoja uliungua, na nyusi za Oiva pia. Tangu hapo Hilkka analala jicho moja wazi, na viberiti anavificha ndani ya soksi.

Muuguzi wa wilaya alikuja, akanywa kahawa, akasema lake kwa upole. Nafasi ikipatikana Tuomipiha, waichukue. Wakiikataa atapewa mwingine, na wao watarudi mkiani mwa foleni. Nafasi ikapatikana mwezi wa sita, Juhannus ikiwa karibu, sikukuu ya katikati ya kiangazi ambayo kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeila bila kuoga sauna kwanza.

Hilkka alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kiangazi hiki kimoja amalize na mumewe nyumbani, waoge pamoja sauna ya Juhannus, waende ziwani na taulo mabegani kama miaka yote. Vuli ije na yake. Ila kuikataa nafasi hivi hivi, bila sababu, moyo wake ungemsuta. Alihitaji sababu, na alijua ataipata wapi.

"Kwenye sauna yao," alimwambia Lempi siku moja kabla ya safari. "Chakula watakipamba kwa ajili ya mgeni. Vitanda watavitandika. Mvuke haupambwi. Nyumba yenye mvuke mbaya haina watu, ina wafanyakazi tu."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wifi. Utaujuaje mvuke ukiwa umevaa koti?"

"Basi nitalivua."

"Na ukiwa mzuri je?"

"Hauwezi kuwa mzuri."

Alikuwa na matumaini ya haki. Nyumba moja ya mjini aliyowahi kuichungulia ilikuwa imejaza sauna yake viti vya magurudumu na maboksi ya nepi, na Hilkka alitoka pale akitabasamu hadi kwenye gari.

Tuomipiha walipokelewa na msimamizi, Virve, mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani kichwani. Alimpa mkono Oiva kwanza, Hilkka baadaye. Hilkka alilitambua hilo na likamkera, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

"Karibu mzee. Umependeza na kofia yako."

"Nimekuja kuoga," alisema Oiva.

"Jumamosi yote ni yako."

Hilkka akaanza kazi. Alivuta pumzi kwa pua hadi kifuani, hakusikia harufu ya mkojo. Alipitisha kidole juu ya dirisha, kikarudi safi. Kahawa ilikuwa ya moto na skonzi za iliki zilikuwa za siku ile. Bibi mmoja alikuwa akikunja kitambaa cha meza, akimaliza anakikunjua na kuanza upya, na hakuna aliyemnyang'anya. Mfanyakazi mmoja, Jarkko, alipiga magoti chini ili azungumze na mzee aliyeinama, wakawa uso kwa uso. Hilkka alizidi kununa.

"Saa yenu ya ukutani imesimama," alisema mwishowe.

"Tangu Pasaka," alijibu Virve. "Hapa hakuna anayechelewa."

Hilkka alibana midomo asicheke. Wanawake walikuwa wamemaliza zamu yao ya sauna, wanaume walikuwa bado wanakunywa kahawa. Akaona saa yake imefika, hata kama ya ukutani ilikuwa imelala.

"Nataka kuiona sauna."

"Twende nikuonyeshe."

"Nimesema kuiona, lakini maana yangu kuingia. Mvuke haukaguliwi mlangoni."

Mtu wa kwingine angemshangaa. Virve ni wa hapa hapa, kwa hiyo alikwenda kabatini bila neno akamletea taulo na kanzu nyeupe ya nyumba ile.

Jiko lilikuwa la umeme. Hilkka alipoliona nusura apige makofi. Akakaa kwenye ubao wa juu, akauona umesuguliwa hadi kuwa mweupe, akachota maji kwa kata na kuyamwaga juu ya mawe, huku amejiandaa kuchapwa na ule mvuke mkavu wa umeme unaouma masikio na kutoweka. Mvuke ulikuja taratibu. Ulipanda hadi darini, ukashuka nyuma ya shingo, ukamlaza mabega yake yote mawili. Akamwaga kata ya pili ili uharibike. Haukuharibika. Kwa kweli, na hili hakumwambia mtu siku ile, ulikuwa laini kuliko wa kwake, ambao tangu ule moto una harufu ya masizi.

Hilkka alikasirika. Alilikasirikia jiko, na yule aliyepanga mawe kwa ustadi namna ile, na Virve na skonzi zake. Alikuwa amekuja kutafuta mlango wa kutokea, na kila mlango aliousukuma ulikuwa mzima.

Alipotoka, uso umemwiva na nywele zinamtiririka juu ya ile kanzu nyeupe, wanaume walikuwa wanakuja kwenye ukumbi mwembamba, Jarkko mbele yao. Oiva alikuwa wa mwisho, taulo begani. Akasimama.

"Mama, sauna iko tayari?"

Kila Jumamosi ya ndoa yao Oiva alisimama kizingitini akauliza hivyo hivyo, kwa sauti ile ile, na kila Jumamosi Hilkka alimjibu jibu moja. Tangu majira ya baridi hakuwa ameuliza.

"Huenda iko, huenda haiko."

Oiva akacheka! Alicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. "Na ni wewe uliyeiwasha?"

"Huenda ni mimi, huenda ni mwingine."

"Basi Mungu akuzidishie, mama wa sauna," alisema Oiva, akainamisha kichwa kwa heshima na kuingia.

Hilkka alivaa nguo zake haraka haraka. Amerudi, aliwaza. Mtu anayeweza kutania hajaenda mbali. Akakaa kwenye kiti nje ya mlango wa wanaume, na kupitia mbao akaisikia sauti ya Oiva ikisimulia habari za samaki mkubwa aliyemkokota na mashua yake hadi kwa mchungaji, na wazee wenzake wakimkatiza na kumwita mwongo, naye akiapa. Nyumbani kwao hakuwa amesimulia kitu tangu theluji ya kwanza. Hilkka alifurahi, na hapo hapo wivu ukamchoma kama sindano. Hata hivyo shauri lake lilikuwa pale pale. Mvuke mzuri au mbaya, mtu aliyerudi unampeleka nyumbani. Atamwambia Virve asante, hapana, na moyo umsute utakavyo.

Oiva alitoka mwekundu, nywele zimechanwa kwa maji. Hilkka alimvalisha kofia, akamshika mkono hadi uani, akamfungulia mlango wa gari.

"Haya, Oiva. Twende nyumbani."

"Nitakwenda. Mke wangu anakuja kunichukua."

"Mkeo ni mimi."

Oiva alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. "Wewe ni mama wa sauna. Umesema mwenyewe."

"Nilikuwa natania. Wewe pia ulikuwa unatania."

"Mimi?" alisema Oiva. "Mimi niliuliza tu."

Hilkka alihisi jasho la sauna likimpoa mgongoni. Akaufungua mlango wa gari zaidi, kana kwamba shida ilikuwa ufinyu.

"Ingia tu, mpenzi. Tutazungumza njiani."

"Mpenzi!" Oiva aligeuka kumtafuta Jarkko. "Umesikia? Bwana mdogo, mimi nina mke. Anaitwa Hilkka. Akisikia nimepakiwa kwenye gari la mwanamke aliyetoka kuoga, nitalala kwenye banda la kuni hadi Krismasi."

Jarkko alicheka, kisha akamwona Hilkka na kuacha.

Kosa la kwanza lilikuwa ule utani wa mlangoni, na hapo Hilkka akafanya la pili. Akaanza kuleta ushahidi. Akamtajia kovu la shoka chini ya goti la kushoto. Akamtajia ng'ombe wao wa kwanza. Oiva alikunja uso, akarudi nyuma hatua moja. Hilkka, kwa kuona neno limegusa mahali, akamtajia mtoto wao wa kwanza, aliyelala makaburini nyuma ya kanisa, ambaye hawakuwahi kumtaja mbele ya mtu yeyote.

"Nani amekwambia hayo?" Sauti ya Oiva ilikuwa imekwisha nguvu. Akamshika Virve mkono kwa mikono yake miwili. "Hayo ni ya nyumbani kwangu. Huyu mama anataka nini kwangu?"

Hilkka aliuachia mlango wa gari. Kila alichokuwa nacho cha kuonyesha kwamba ni mke kilikuwa kinamfanya mwizi. Mume wake alikuwa anamwogopa, pale mchana kweupe, na yeye ndiye aliyemtia woga huo. Angeweza kumvuta kwa nguvu, Oiva si mzito tena. Alilifikiria hilo kabisa, akaona haya.

Virve alimpeleka Oiva kwenye benchi la ukutani, akarudi.

"Mama, chumba kipo, kitanda kimetandikwa. Mwache apumzike leo. Kesho njoo mapema, ukiwa na nywele kavu na lile gauni analolijua."

"Na kesho akinijua?"

"Atafurahi kukuona."

"Nimeuliza kama nitamchukua."

Virve alishusha miwani kutoka kichwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mama, ile nafasi mmeikubali?"

Hilkka aliangalia benchi. Oiva alikuwa ameshatulia, anamwonyesha Jarkko kwa mikono urefu wa yule samaki.

"Huenda," alisema.

Wanasema Msavo akishafungua mdomo, kazi ya kuelewa ni ya msikilizaji. Virve alielewa, akaenda kutafuta pajama la kumfaa.

Hilkka alikuwa ameshakaa kwenye usukani Oiva aliponyanyuka na kumjia, taratibu, hadi dirishani. Alivua kofia.

"Mama, usinielewe vibaya. Sauna ilikuwa nzuri."

"Asante."

"Unarudi kupitia njia ya ziwani?"

"Ndiyo."

"Kuna nyumba nyekundu, baada ya mapipa ya maziwa. Mke wangu yupo pale. Mwambie nimeshaoga, asiwe na wasiwasi." Akatazama nyuma, akainama karibu zaidi, akashusha sauti. "Na mwambie mvuke wa hapa hauushindi wake. Hakuna mvuke unaoushinda wake. Lakini usimtaje aliyesema. Atavimba kichwa, mimi namjua."

Katika ndoa yao yote Oiva alikuwa na neno moja tu kuhusu mvuke wa Hilkka, akilisema kila Jumamosi macho yakiwa yamefumbwa: "Unafaa." Hilkka hakuwahi kudai la pili.

"Nitamwambia," alisema, akawasha gari.

Lempi alikuwa ngazini kwake akimsubiri, mikono kiunoni, akahesabu vichwa ndani ya gari kabla halijasimama. Alivuka barabara mbio mbio, kisha alipoufikia mlango akauliza la kijinga.

"Wifi. Mvuke wao ukoje?"

Hilkka alitoka garini, akashika nguzo ya lango. Bomba la sauna yake lilikuwa baridi, na ukuta ulioungua bado ulikuwa mweusi.

"Hauushindi wangu."

"Nani kasema?"

"Nimeambiwa nisimtaje," alisema Hilkka, akaingia saunani kuwasha moto.