Mashine ya Akiba Isiyojua Kusoma

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, bibi kizee wa Mpapura alipoingia ofisini kwetu na kifuko cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini, akaketi, akasema amekuja kuchukua maneno ya baba yake. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, cheti changu kiko ukutani, na nilidhani hakuna kompyuta itakayonishinda. Mwenyezi Mungu ana njia ya kumshusha mtu bila kumvunja. Namshukuru mpaka leo kwa alivyonishusha siku ile.

Ilikuwa ofisi ndogo ya wakfu hapa Mtwara mjini, vyumba viwili nyuma ya msikiti. Wazee wetu wa zamani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: wasia, mipaka ya mashamba, barua za nyumbani. Karatasi zao mchwa walikuwa wanazimaliza. Basi Maalimu Nanguo, aliyetusomesha Kurani karibu sote mtaani, alikaa miaka miwili akizinakili kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzitunza. Palikuwa na seva ya kazi, na palikuwa na seva ya akiba chini ya meza, imefunikwa kanga kwa ajili ya vumbi. Kila Ijumaa nilihamishia nakala kule chini, nikaenda zangu kuswali.

Wiki ile umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi na hasira. Seva ya kazi ikaungua. Sikutetereka hata kidogo. Akiba haiozi, nilijisemea.

Yule bibi, Bi Somoe, alikuwa na shida ya kweli. Marehemu baba yake alitoa wakfu kipande cha shamba la mikorosho, penye kisima na makaburi ya ukoo. Sasa mtu aliyenunua shamba la jirani alikuwa anadai na pale ni pake, na trekta lilikuwa tayari. Baraza la kijiji lilikuwa linakaa kesho yake. Karatasi ya wasia ilishaliwa na mchwa. Kilichobaki duniani ni nakala ya Maalimu, na nakala hiyo ilikuwa chini ya meza yangu.

Nikaondoa kanga, nikaiwasha. Majina ya mafaili yote yalikuwa alama za kuuliza. Nikafungua faili moja. Alama za kuuliza tupu, mstari baada ya mstari.

Bi Somoe aliinama akatazama. "Mjukuu wangu, baba yangu alikuwa mkulima. Hizi ndoano zote za nini?"

"Subiri kidogo, bibi. Mashine ndiyo inaamka."

"Imeamka imechanganyikiwa hiyo."

Na hapa, mwanangu, ndipo nilipokosea, kwa sababu aibu humfanya mtu aonekane ana kazi hata pale anapotakiwa kutulia. Nikajaribu kulisafisha lile faili nililolifungua, nikalihifadhi juu ya lile la awali. Halikubadilika kitu. Nikaandika programu fupi ya kuyapitia mafaili yote na kuyasafisha kwa mpigo mmoja. Kidole kilikuwa juu ya kitufe Maalimu Nanguo alipoingia.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha, Maalimu. Maandishi yameharibika."

"Umejuaje kama yameharibika?"

"Si hayo, hayasomeki!"

"Hayasomeki, sawa. Mtoto aliyeingia chuo cha Kurani leo nikimpa msahafu, naye ataniambia hausomeki. Ndiyo msahafu umeharibika?"

Bi Somoe akapiga makofi. "Mpe, Maalimu! Mpe mpaka asikie!"

"Toa mkono hapo," Maalimu aliniambia, taratibu kabisa. "Nikuulize. Nani anasimama nyuma ya imamu?"

Niliinamisha kichwa, kwa kuwa swali lile lilikuwa na historia. Nilipokuwa na miaka kumi na minne niliwahi kukimbilia kusimama moja kwa moja nyuma ya imamu ili watu wanione. Maalimu alinishika bega, akanipeleka mwisho wa safu. Baada ya swala alinieleza kwamba imamu akipatwa na udhuru katikati ya swala, humvuta aliye nyuma yake ashike mahali pake. Kwa hiyo pale hasimami yeyote tu. Anasimama anayeweza kusoma anachosoma imamu na kuendelea pale alipoishia.

"Ile mashine iliyoungua uliifundisha herufi zetu," akasema. "Nilikuona, ulishinda nayo siku nzima. Na hii uliyoiweka nyuma yake, uliifundisha?"

Kwenye seva ya kazi nilipanga lugha vizuri, nikajaribu kila herufi. Hii ya akiba niliiacha ilivyotoka kwenye boksi, inajua Kiingereza peke yake. Niliona ya nini kujichosha? Nani ataitazama chini ya meza?

Nilitaka kuanza palepale, lakini adhana ya adhuhuri ilikuwa inaita, na Maalimu hakukubali. "Yaliyokaa hapo miaka yatakaa na dakika ishirini." Tukaenda. Niliporudi, mikono ilikuwa imetulia. Kwanza nilinakili kila kitu kwenye diski nyingine bila kufungua hata faili moja. Kisha nikaingia kwenye mpangilio wa lugha wa ile seva, nikabadilisha mstari mmoja, nikaizima, nikaiwasha.

Herufi zikarudi, mwanangu. Zikajipanga kutoka kulia kwenda kushoto kana kwamba hazikuwahi kuondoka. Maalimu akavaa miwani, akasoma: "Kisima kiwe cha kila mwenye kiu, na waliolala hapa wasilimwe, basi."

"Ndiye," Bi Somoe akasema. "Ndiye baba. Kila neno lake alilifunga kwa basi." Alilia, akajifuta kwa ncha ya kanga, halafu akatugombeza kwa kuacha ming'oko ikapoa. Tulikula ikiwa ya baridi, na sijapata kula tamu kama ile. Kesho yake alikwenda barazani na karatasi iliyochapwa, Maalimu yuko ubavuni kuisoma. Trekta likageuza. Nimepita pale mwaka huu. Kisima kipo, na makaburi yana kivuli cha mikorosho.

Lakini lile faili moja nililolihifadhi halikurudi. Ndoano zake zilikuwa za kweli sasa. Niliziandika mimi mwenyewe juu ya maneno. Nilitazama orodha kwenye daftari la Maalimu nijue lilikuwa la nini. Ilikuwa barua ya marehemu baba yake Maalimu mwenyewe, aliyoituma kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma alikokwenda kufundisha. Ningeweza kunyamaza. Nilimfuata Maalimu nyumbani kwake, nikamwambia.

Alivua miwani. Kisha akasema, "Kaa. Andika."

Akaisoma kwa moyo, bila karatasi, kutoka salamu ya kwanza hadi jina la mwisho. Mara mbili alisimama, na haikuwa kwa kusahau. Nilikuwa naandika huku machozi yananidondokea, kwa furaha na kwa haya, kwani nilielewa nani alikuwa amesimama nyuma ya imamu siku zote.

Basi, mwanangu, wewe unayetunza mashine za watu, nisikilize. Chochote unachokiweka akiba, kifundishe lugha ileile ya kile cha mbele, kisha kijaribu mchana kweupe kabla dhiki haijaja. Usiache cha nyuma kiwe kipofu kwa sababu hakuna anayekitazama. Usichoweza kukisoma usikifute. Huenda kimekamilika, na anayepungukiwa ni msomaji. Ukiona mikono inakimbia, nyanyuka ukaswali. Na ukiharibu, sema mapema, kwa maana huenda aliye mbele yako anayo nakala iliyobaki.

Mola akupe subira kabla ya ujuzi, akuwekee nyuma yako watu wanaojua unachokijua, na siku utakapoishiwa na sauti, awepo wa kuendelea pale ulipoishia. Amin.