Dubwana Ghalani

Nikisikia harufu ya petroli na pamba mbichi, narudi kwenye ghala lile la pamba lililozibwa madirisha kwa magunia, tulikoonyeshwa kwa jenereta sinema ya dubwana mchana wa gulio. Mama alikuwa amenikataza kabisa, akisema ni mambo ya shetani. Nilimdanganya kwamba naenda kutafuta kuni, nikajipenyeza ndani.

Dubwana lilipotokea, mchungaji mmoja wa ng'ombe akacheka. "Ngozi ya ng'ombe hiyo! Tena mshono uko mgongoni, tazameni!"

Dubwana likageuka, likanguruma. Mchungaji yuleyule ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia mlangoni.

Mimi nilimkumbatia mwanamke aliyekaa mbele yangu, naye akageuka. Alikuwa mama. Tulitazamana.

"Kaa chini," alininong'oneza, akinivutia mapajani. "Linarudi."