Neno Lenye Irabu Zote Tano

Siku moja ninayoikumbuka kwa shukrani, mwanangu, ni Ijumaa ya mvua, nikiwa darasani katika shule ya sekondari waliyoijenga wazazi huku juu milimani, si mbali na Litembo. Nilikuwa kidato cha pili. Kwetu ni Ngumbo, chini ziwani, na baridi ya huku ilinitoa machozi siku za mwanzo. Nilipotaka kurudi nyumbani baba aliniambia, "Ziwa litakungoja. Shule haingoji." Nikabaki.

Ilikuwa miaka ile soko huria linaingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kuonekana Mbinga na magari yao, mitumba ikajaa gulioni, na kila aliyesimama kuhutubia alikuwa na neno refu la Kiingereza la kuturushia. Wazee walipiga makofi, kisha njiani wakaulizana, "Hivi amesema nini?" Nasi wanafunzi tukaiga. Tuliamini msomi ni yule asiyeeleweka. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulivuma kweli.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Mwalimu Zainabu, mwenyeji wa Lushoto, aliyeletwa huku na kazi. Aliuona ugonjwa wetu akautafutia dawa yake. Kila Ijumaa tulitakiwa kuleta neno la Kiingereza lenye irabu zote tano: a, e, i, o na u. Mwenzetu mmoja alileta *liberalisation*, kwa mbwembwe, maana ndilo lililovuma redioni kila ilipotajwa habari ya soko huria. Tukaitafuta u tusiione, akaketi. *Education* lilikubaliwa mapema, yaani elimu. Likafuata *reputation*, jina alilonalo mtu mbele za wenzake, na *precaution*, yaani tahadhari. Rafiki yangu Filomena alileta *cauliflower*, na hakuna aliyejua ni mnyama au ni mmea. Mwalimu alicheka mpaka akakaa. "Mboga ya kwetu hiyo! Nyeupe, imejikunja kama ua." Kisha akatazama dirishani kwa muda, nasi tukajua amekumbuka kwao.

Wiki nyingine aliruhusu maneno mawili pamoja, na yeye mwenyewe akaandika ubaoni *sound advice*. "Nasaha njema," alisema. "Irabu zote tano zimo, na kila moja imetokea mara moja tu. Nasaha njema hairudiirudii." Mwanangu, mimi naweza kurudia kidogo; umri umenizidi.

Basi Ijumaa ile ya mvua nilikuwa na langu. Nilikuwa nimekwenda hospitalini Litembo kumwona shangazi, nikaliona neno kwenye bango ukutani: *pneumonia*. Irabu zote tano, tena mbele lina p isiyotamkwa! Nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa, darasa likaguna.

"Maana yake?" akauliza Mwalimu Zainabu.

"Ni ugonjwa, Mwalimu."

"Ugonjwa gani? Wa jino? Wa goti?"

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua kifutio akalifuta neno langu polepole. "Binti yangu, umebeba gunia la mtu bila kujua ndani mna nini," alisema. "Rudi ulikolitoa. Ukilijua, utamweleza bibi yako kwa lugha yake. Akikuelewa, hapo litakuwa lako."

Nilikasirika, nisikufiche. Hata hivyo Jumapili baada ya misa nilipanda tena Litembo. Muuguzi mmoja, sista mtu mzima, aliniona nimesimama mbele ya lile bango. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Alicheka kidogo, akanishika mkono akanipeleka kwenye kitanda cha mtoto mchanga.

"Ni homa ya mapafu," aliniambia. "Usitazame uso, watoto wote wenye homa wana uso huu. Tazama hapa chini ya mbavu. Akivuta pumzi, panabonyea ndani. Na anapumua mbiombio kama aliyekimbia, ilhali amelala. Mtoto wa hivi hasubiri kesho."

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Nilishuka ule mlima nikiwa na furaha ambayo sikuipata nilipoliona neno lenyewe.

Likizo ilipofika nikateremka Ngumbo. Nilimkuta wifi yangu Anastazia, mke wa kaka Longino, amempakata mwanawe mchanga Deo, aliyefungwa nguo mbilimbili. Kaka alikuwa amekwenda Songea kuuza usipa, dagaa wa ziwani kwetu. Mwenye kauli nyumbani alikuwa Bibi Koletha, mama yake baba, na kauli yake ilikwisha kutoka: mtoto ana homa, anywe dawa ya majani, baba yake akirudi kesho ataamua.

Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," nikaketi. Lakini masikio yangu yalikuwa kwa Deo. Alikuwa akipumua mbiombio. Nikamwomba wifi nimfungue nguo. Chini ya mbavu palikuwa panabonyea, panarudi, panabonyea.

"Bibi, mtoto ana *pneumonia*!" nikasema.

Wifi akaangua kilio. Miaka ile watu walishasikia habari za magonjwa mapya yasiyo na tiba, na jina geni lilitosha kumwua mtu kwa hofu. Bibi akanikazia macho.

"Umetoka shule kuja kuwaliza watu? Kizungu chako kiache huko milimani. Kama kuna kitu umekiona, kiseme nikijue."

Hapo ndipo nilipomwelewa Mwalimu Zainabu. Nikapiga magoti, nikaanza upya kwa Kinyasa, lugha ya nyumbani. Nikamwambia kwamba kifua cha mtoto kimeugua ndani, pale hewa inapoingia. Kwamba anaivuta kwa nguvu zake zote na haimtoshi. Nikamwonyesha pale chini ya mbavu.

 Bibi alitoka nje akamwita jirani mwenye mtoto wa umri ule ule, akamlaza yule mtoto mkekani kando ya Deo. Akainama na uzee wake, akamtazama huyu, akamtazama huyu. Yule wa jirani tumbo lilipanda na kushuka taratibu. Deo alikuwa anahangaika.

"Benedikto wangu alipumua hivi," Bibi alisema, polepole, kana kwamba hatupo. Benedikto alikuwa mwanawe wa kwanza. Sisi tulilijua kaburi lake tu. "Nilimpa majani. Nikangoja baba yake arudi."

Kisha akasimama. "Anastazia, mfunge mtoto mgongoni. Wewe binti, kimbia ufukweni, waambie wale wenye boti wasing'oe nanga. Longino akiuliza, niliyeamua ni mimi."

Boti ya wachuuzi ilikuwa inakwenda Mbamba Bay. Walitupa nafasi kati ya magunia ya usipa, na Bibi alikaa njia nzima amemkinga Deo na upepo kwa kitenge chake. Katika kituo cha afya mganga alimfungua nguo, akatazama pale pale tulipotazama sisi, akaagiza sindano mara moja. Tulikaa siku kadhaa. Asubuhi moja Deo alipolia kwa njaa, kilio cha nguvu cha mtoto mkorofi, wifi alinishika mkono asiuachie. Bibi alitoka nje peke yake. Nilimwona amesimama kwenye jua, midomo ikienda, alikuwa anasali.

Niliporudi shuleni nilimsimulia Mwalimu Zainabu yote, nikitarajia sifa. Alifuta macho kwa pembe ya mtandio wake. "Mshukuru sana bibi yako," alisema. "Wewe ulijua, lakini yeye alikubali kusikia. Wapo wengi wanaojua ambao hawakupata wa kuwasikia."

Nami nimeshukuru tangu hapo. Namshukuru aliyelifuta neno langu, namshukuru sista aliyenishika mkono, na zaidi namshukuru mwanamke mzee aliyekubali kufundishwa na mjukuu jambo lililomkumbusha kaburi. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, ila mkuu naye akisikia la mdogo, nyumba nzima husimama.

Kwa hiyo, mwanangu, huko shule unakokwenda jifunze Kiingereza, tena jifunze hasa. Maneno marefu usiyaogope. Ila usilitumie neno mpaka uweze kumwonyesha aliyekulea maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Ukisahihishwa mbele za watu, kasirika siku moja, ya pili nenda kaulize. Na siku utakapokuwa mkubwa, mtoto akija mbio na jambo asiloweza kulisema vizuri, mwambie aliseme tena, kisha uiname utazame.

Mungu akujalie mwalimu asiyeona haya kukusahihisha, na akupe nyumbani mtu wa kukusikiliza. Watoto wako wapumue vema, walie kwa njaa tu. Nenda salama, na ukifika, nisalimie wanaokufundisha.