Boma Juu ya Mwamba

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikimtunza mzee mmoja Mzungu katika ghorofa moja ya Silver Spring, Marekani. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza. Mbele ya kitanda chake kulikuwa na picha ya mji aliozaliwa, huko kwenye milima ya Alpi: mwamba mrefu, juu yake ngome ya kale ya mawe, na chini paa zimebanana kando ya mto kama ng'ombe wakati wa mvua.

Mimi ni mtu wa bara. Nilipoona ule ukuta wa kuzunguka na lango moja tu, Kiswahili kilinitoka: boma! Nikamweleza maana yake, kisha nikamtania, aliachaje boma kubwa hivyo akaja kujifungia humu?

Alicheka mpaka akapaliwa. Ngome ilikuwa ya watawala waliokufa kitambo, alisema. Kwao ni ile nyumba ndogo karibu na daraja, ambapo baba yake alioka mikate. Akanisimulia jinsi kivuli cha mwamba kilivyoufunika mji wakati wa baridi, na jinsi ng'ombe walivyoshushwa kutoka milimani wamevishwa kengele. Habari za ng'ombe tulielewana mara moja. Neno langu nalo alilipenda, na tangu siku hiyo mji wake wote aliuita boma.

Alipozidiwa, Kiingereza kilimpotea. Alibaki na lugha ya mama yake, ambayo hakumfundisha binti yake wa pekee, asije akachekwa shuleni. Asubuhi moja nilimkuta binti huyo kando ya kitanda, simu mkononi, analia.

"Anasema bomu, bomu," aliniambia. "Amerudi kwenye vita vya ujana wake. Nampigia daktari ampe dawa ya usingizi."

Nilijua akilala kwa dawa safari hii hataamka, na hakuna atakayekuwa amemsikia. Nikasahau kwamba mimi ni mfanyakazi tu. Nilimshika binti mkono.

"Weka simu chini! Hasemi bomu, anasema boma. Ni Kiswahili, mimi ndiye niliyemfundisha. Anataka kwenda kwao." Nikamwonyesha picha.

Aliitazama. Kisha akaniuliza amjibu vipi, nikamfundisha. Akapiga magoti, akasema kwa ulimi mzito, "Twende boma, baba."

Mzee alimshika kidole, hakukiachia. Alifariki wiki hiyo hiyo, na majivu yake binti aliyapeleka mwenyewe mpaka kwenye lile daraja.

Siku ile ya simu nilirudi kwangu nikiwa nimevimba macho. Mwanangu akaniuliza, "Mum, what's wrong?"

"Sema boma."

"Why?"

"Sema!"

Aliogopa, akasema. Alilitamka vibaya, kama yule binti. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi nilikuwa na hofu. Chakula kilipoa mezani, nami nikamfanya alirudie tena na tena, kwa maana siku nitakapomwita kwa neno hilo, huenda chumbani asiwepo mtu wa kumtafsiria.